Nuru inayofichua dosari za feleji

Historia ya feleji ni pia historia ya kutafuta dosari zake. Ili kuondoa oksijeni katika feleji iliyoyeyuka, mafundi hutia alumini. Humo huzaliwa chembe ngumu za alumina, ambazo zaweza kuanzisha ufa na hatimaye kuvunja springi au beringi.

Mwaka 1863, mjini Sheffield, Uingereza, Henry Clifton Sorby alianza kuchunguza kwa hadubini feleji iliyosuguliwa na kutiwa asidi. Hadubini ilionyesha umbo la chembe. Kuzipambanua kwa asili zake lilikuwa jambo gumu zaidi.

Msaada ulitoka katika elimu ya nuru. Mwaka 1888 Mjerumani Eilhard Wiedemann alibuni neno luminesensi, yaani mng'ao usiotokana na joto. Katika miaka ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, waliipiga feleji kwa miale ya elektroni na kuchukua picha ya mng'ao huo. Metali hubaki giza. Alumina yenye kromi kidogo hutoa nuru nyekundu, na spineli, oksidi ya magnesi na alumini, ikiwa na manganizi kidogo, hutoa ya kijani.

Basi kinachoitambulisha chembe hiyo ngeni ni mgeni mwingine aliyejificha ndani yake.