Upinde wetu wa kwanza na kekele ya pori

Tukiwaambia wanafunzi wetu wa Yangambi kwamba upinde ni elimu, wanacheka. Kwao ni muti na kamba, mchezo wa mtoto. Sisi pia tuliwaza hivyo, mpaka tulipojaribu kuutengeneza kwa mikono yetu.

Tulikata tawi zuri, nene, tukalichonga pande zote mpaka likawa laini kama meza ya seremala. Njo kosa lenyewe. Tulivuta mara tatu, ukavunjika upande wa mgongo, ule unaotazama mnyama. Mzee mmoja jirani hakutucheka. Aliokota vipande, akatuonyesha nyuzi za muti zilizokatwa na kisu chetu. Mgongo haukatwi, akasema, unatoa ganda basi. Kinachopunguzwa ni tumbo, upande wa mwenye kuvuta, tena kidogo kidogo: unavuta, unaangalia mkono gani ni mgumu, unakwangua huo, unavuta tena. Wa pili tuliuacha ukauke kivulini kwanza, na mpaka leo unapinda sawasawa.

Ila tulitaka kuurefusha, kama ile ya picha za vitabu vya Ulaya. Hapo tulikosea tena. Tuangalie Ituri, mashariki yetu, kwa Waefe. Jirani zao Wambuti wamezoea kuwinda kwa nyavu, lakini Waefe ni watu wa upinde, nao ni mfupi. Katika pori lenye kamba kila fashi upinde mrefu unakwama, na mnyama anaonekana akiwa karibu tu. Upote wake ni kekele iliyopasuliwa. Nyuma ya mshale wanapasua, wanaingiza jani liwe bawa. Kwa makako walioko juu, ncha ya muti yenye sumu. Kwa mnyama wa chini, chuma. Chuma hicho walikipata kwa Walese, wakulima, pamoja na ndizi, nao wakawapelekea nyama na asali. Kwa hiyo ndani ya mshale mmoja kulikuwa na mapatano ya makabila mawili, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule havisemi.

Leo bunduki ya kalibre 12 na mitego ya waya vimechukua nafasi. Waya haichagui, inashika hata jike lenye mimba. Hatuombi watu warudi kuwinda. Yangambi ni hifadhi, tunajua. Lakini herbarium ya INERA ina majani makavu kwa maelfu, na muti gani unapinda bila kuvunjika bado tunamwuliza yule mzee.

Hana mwanafunzi hata mmoja. Tumemwomba aje shuleni Jumamosi. Amekubali, ila ameagiza kisu chake kinolewe kwanza.