Daraja Lisilo na Maji: Filamu, Mazingira na Historia ya Unguja

Msomaji mwenzangu, ukifika Darajani leo utaliona soko na msongamano wa watu, lakini daraja hulioni. Limekwenda wapi? Hapo zamani palikuwa na hori, mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Katika karne ya 20, chini ya Waingereza, hori lile lilifukiwa kidogo kidogo. Maji yakaondoka, majina yakabaki.

Nalitaja jambo hili kwa sababu ya filamu za hali halisi. Tangu 1998, Tamasha la Filamu la Zanzibar pale Ngome Kongwe limetuzoesha kuzitazama, na limezipeleka filamu hata vijijini. Lakini zikihusu mazingira, wengi wetu tunaishia kwenye maudhui tu: eti inatufunza tutunze maji. Haya, na fani je?

Tuchukue mfano wa Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper, iliyopigwa Mwanza. Inamhusu sangara aliyepandikizwa Ziwa Viktoria: minofu inapakiwa ndege kwenda Ulaya, mapanki yanabaki kwa wenyeji. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani. Wakosoaji wake walishikilia hasa madokezo juu ya silaha. Kwa maoni yangu, ugomvi ule ulikuwa wa fani. Picha moja ikiwekwa baada ya nyingine, mtazamaji huziunganisha mwenyewe. Kila picha yaweza kuwa ya kweli, na mpangilio wake ukabaki kuwa hoja ya msanii. Basi mhakiki anapaswa kuuliza: kipi kimetangulizwa, na kipi kimeachwa?

Kwetu Unguja, kinachoachwa ni kile kisichoonekana. Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake alizochapisha 1886, alilieleza jumba la Mtoni alikozaliwa, lililoitwa hivyo kwa sababu ya kijito kilichopita hapo. Jumba liliungua 1914, yamebaki magofu. Kamera peke yake itaonyesha mawe; itahitaji maandishi na masimulizi ili ione maji.

Kwa hiyo nasema filamu ya maji yetu ianze na majina: Mtoni, Chemchem, Darajani, Ng'ambo. Asiyejua Ng'ambo ni ng'ambo ya nini ataipiga picha barabara, akadhani ilikuwapo siku zote. Wazee wanaojua wanapungua. Jamani, kabla ya kutafuta kamera, tukawaulize.