Nani anaagiza dawa za zahanati yako, na afya yake ikoje?

Ununuzi na ugavi wa dawa ni kazi yote inayofanyika tangu mtu anapohesabu vidonge vilivyobaki kwenye rafu mpaka gari linaposhusha maboksi mapya mlangoni. Katika hospitali kubwa kazi hii ina wenyewe: maofisa ununuzi, wafamasia, watunza stoo, madereva. Katika zahanati ya kijijini Tanzania, anayeifanya mara nyingi ni muuguzi yuleyule aliyempima mtoto wako uzito asubuhi, akamchanja, kisha akaenda kumhudumia mama mwenye uchungu. Mara nyingi ni mwanamke, naye ana mtoto nyumbani au tumboni.

Kwa nini jambo hili likuhusu wewe mama au mlezi? Kwanza, huenda wewe mwenyewe unafanya kazi ya stoo, ununuzi au usafi wa kituo, au una binti, dada au mume anayeifanya. Pili, dawa yako inategemea mtu huyo awe mzima. Zahanati yenye mtumishi mmoja ikipeleka maombi ya dawa kwa kuchelewa kwa sababu mtumishi huyo anaumwa, mgao unaofuata unafika pungufu. Anayelipa ni mama atakayejifungua mwezi ujao na kukosa oksitosini, sindano inayozuia damu kutoka nyingi baada ya kujifungua.

Dawa inafikaje kituoni

Bohari ya Dawa, ambayo wengi tunaiita MSD, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993 ili inunue, itunze na kusambaza dawa na vifaa tiba kwa vituo vya umma. Kituo huhesabu kilichopo, huandika kilichotumika na siku ambazo dawa ilikosekana, kisha hutuma maombi yanayopitia kwa mfamasia wa halmashauri kabla ya kufika Bohari. Siku hizi maombi hayo huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta. Hesabu ya mwanzo, hata hivyo, bado inafanywa kwa macho na vidole: mtu amesimama mbele ya rafu, leja mkononi, anahesabu makopo.

Hapo ndipo kosa dogo huzaa shida kubwa. Ukiandika kwamba dawa ya malaria ya watoto ilitumika kidogo, na kumbe ilitumika kidogo kwa sababu iliisha mapema, mfumo utaamini kuwa haihitajiki sana. Mgao ujao utakuwa mdogo zaidi. Kuhesabu vizuri kunataka akili iliyotulia na saa chache zisizoingiliwa. Muuguzi aliyekesha na mzazi usiku kucha hana akili hiyo asubuhi, hata awe hodari namna gani.

Kilichobadilika

Zamani kidogo, Bohari ikikosa dawa fulani, kituo kilipewa taarifa ya kukosekana, kisha mtumishi alianza safari ya kwenda mjini kutafuta bei kwa wauzaji mbalimbali, kuzilinganisha, kurudi na karatasi, kusubiri kibali, na kwenda tena kununua. Siku hizo hakuna aliyekuwa kliniki. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza mfumo unaoitwa Jazia, yaani kujaza kilichopungua: mkoa mzima unachagua mshitiri mmoja kwa zabuni, bei zinakubaliwa mapema, na vituo vinaagiza kwake kile tu ambacho Bohari imekosa. Kufikia mwaka 2018 utaratibu huo ulikuwa umeenezwa nchi nzima.

Mimi naona Jazia ni badiliko la afya ya wafanyakazi sawa na lilivyo badiliko la ununuzi, ingawa halisemwi hivyo. Limepunguza safari za bodaboda zenye vumbi, pesa ya kituo kubebwa mkononi, na wasiwasi wa kuulizwa na mkaguzi kwa nini ulinunua hapa na si pale.

Bohari nayo hushusha mizigo kwenye mlango wa kituo badala ya kuiacha wilayani, na mizunguko ya usambazaji imeongezwa kutoka mara 4 hadi mara 6 kwa mwaka. Faida yake ni wazi, dawa hazikai muda mrefu bila kujazwa. Gharama yake haionekani haraka: kuhesabu, kuagiza na kupokea sasa ni mara 6, na watu wa kufanya hivyo ni walewale.

Halafu mwaka 2023 ulikuja mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST. Manunuzi ya taasisi za umma hupita humo, na kila hatua inabaki na kumbukumbu ya nani alifanya nini. Kwa mtumishi mwaminifu hii ni kinga, kwa kuwa akisingiziwa ana ushahidi. Lakini mahali ambapo mtandao unapatikana usiku tu, au ukipanda kilimani, kazi ya ofisi inahamia kwenye saa za kulala, na simu inayotumika mara nyingi ni ya mtumishi mwenyewe, bando ni lake. Mganga mfawidhi anayesoma hapa aliweke hilo kwenye bajeti ya kituo.

Kazi hii inaumiza wapi

Mgongo kwanza. Boksi lenye chupa 20 za maji ya dripu za nusu lita lina uzito unaozidi kilo 10, na siku gari likija maboksi si moja wala mawili. Fungua boksi, beba kwa mafungu. Kunja magoti badala ya kiuno, shika mzigo karibu na kifua, geuka kwa miguu. Vitu vizito vikae rafu za katikati, visiwe juu kabisa wala sakafuni. Toroli ya mizigo na ngazi fupi imara ni vitu vya kununuliwa na kituo kama vinavyonunuliwa vingine, havihitaji mfadhili. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha zimekuwa zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, hata zahanati, na kituo hupanga matumizi yake.

Pili ni sindano. Wengi hudhani anayechomwa ni muuguzi pekee. Msafi anayebeba taka, na mtunza stoo anayesogeza kisanduku cha sindano kilichojaa kupita kiasi, wamo hatarini pia. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue jeraha, usipake dawa ya kufulia wala spiriti. Toa taarifa saa hiyohiyo. Dawa kinga ya Virusi vya Ukimwi inapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na hunywewa kwa siku 28. Kama unanyonyesha au una mimba, mwambie anayekuhudumia kabla ya kuanza. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huwakinga watumishi wote wanaogusa damu au taka zake, na dozi zake ni tatu; ukipata moja ukaacha, hujamaliza.

Ununuzi unaingia hapa moja kwa moja. Sindano zinazojifunga baada ya kutumika mara moja, glovu nzito za mtu wa taka, viatu vya kufunika mguu, visanduku vya sindano vya kutosha: yote haya huanza kama mstari mmoja kwenye fomu ya maombi. Mstari huo ukisahaulika, hakuna semina ya usalama itakayoziba pengo.

Joto. Stoo nyingi ni vyumba vidogo chini ya bati, dirisha moja lenye nondo. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani kimewekwa kwa ajili ya dawa, maana nyingi hazitakiwi kuzidi nyuzi 30. Kikisoma 34, tunaharakisha kufungua dirisha ili kuokoa dawa. Mtu anayeshinda humo naye anatoka jasho, anaumwa kichwa, mkojo wake unakuwa wa njano iliyokolea. Anywe maji, apumzike nje kivulini, na kazi ya kupanga maboksi ifanywe asubuhi mapema.

La mwisho ni la moyoni, nalo ni gumu kulipima. Anayetunza dawa hubeba lawama za pande mbili: mgonjwa anamwona mwizi, mkaguzi anamtaka aeleze kila kidonge. Usingizi ukikimbia, ukawa na hasira zisizo na sababu, au machozi ya mara kwa mara, usiseme ni uchovu tu. Kwa mama aliyejifungua, huzuni inayozidi wiki 2, au kutomtaka mtoto, ni ugonjwa unaotibika na unahitaji kuonwa na mtaalamu. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri kesho. Mwambie mtu wa karibu akupeleke kituoni.

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha

Toa taarifa kazini mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiriwa kumwarifu mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kutarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au siku 100 ukijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Baba ana siku 3. Marekebisho ya mwaka 2025 yaliongeza nafuu kwa waliojifungua watoto njiti: likizo yao hurefushwa. Mama asirudi kazini ndani ya wiki 6 za kwanza isipokuwa daktari amethibitisha kuwa anaweza.

Kazi za usiku hazitakiwi katika miezi 2 kabla ya kujifungua, na miezi 2 baada yake. Hili linapuuzwa sana, hasa mzigo unapofika saa 4 usiku na dereva anataka kushusha aondoke. Mwenzako apokee. Akikosekana mwenzako, mwenyekiti wa kamati ya kituo anaweza kushuhudia maboksi yakifungiwa stoo, na hesabu ikafanyika asubuhi.

Mjamzito asipande ngazi ya stoo wala kubeba maboksi mazito. Ukitokwa damu au maji ukeni, ukipata maumivu makali ya kichwa, kuona maluweluwe, kuvimba uso, au mtoto akipunguza kucheza, acha kazi na uonwe siku hiyohiyo. Naandika haya kwa sababu sisi tunaofanya kazi ndani ya kituo ndio wa mwisho kujipima wenyewe. Aliyejifungua kwa upasuaji asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki 6.

Ukirudi kazini, sheria inakupa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kubaliana na msimamizi jinsi ya kuzigawa: wengine huondoka mapema, wengine huletewa mtoto mara mbili. Kama nyumbani ni mbali, kamua maziwa kwenye chombo kisafi chenye mfuniko. Katika chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25 yanadumu hadi muda wa saa 4. Dar es Salaam au Tanga wakati wa kiangazi usitegemee muda huo wote. Yaweke kwenye baridi mapema. Kwenye jokofu yanafika siku 4. Na tafadhali, usiyaweke kwenye jokofu la chanjo. Jokofu hilo halihifadhi chakula, soda wala maziwa, kwani kila linapofunguliwa chanjo za watoto wa kijiji kizima zinapata joto. Omba kituo kinunue kijokofu kidogo cha watumishi.

Ukiumia kazini, taarifa iandikwe na mwajiri aipeleke Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mgongo ulioharibika kwa kubeba mizigo ya kazi nao ni madai halali, mradi kuna kumbukumbu za matibabu. Tunza kadi zako.

Mama usiye mtumishi unaweza kufanya nini

Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Kamati hiyo hujadili mpango na matumizi ya kituo, na hushuhudia dawa zikipokelewa. Mjue mwakilishi wako. Muulize maswali mawili tu: mzigo wa mwisho ulifika lini na nini kilikosekana, na je, kwenye mpango wa mwaka huu kuna toroli, glovu za mtu wa taka na chanjo ya homa ya ini kwa watumishi? Sera ya afya inasema huduma za mjamzito na mtoto chini ya miaka 5 ni bila malipo katika vituo vya umma, kwa hiyo ukiambiwa ununue glovu za kujifungulia, lifikishe kwenye kamati hiyo, na sema pia tarehe uliyoambiwa.

Siku muuguzi akikwambia dawa hakuna, muulize kama imeombwa na kama mshitiri ameshaandikiwa. Akiwa na jibu, utajua mtoto wako aletwe lini tena. Kama mtoto ana homa kali, degedege, anatapika kila kitu au hanyonyi, usirudi nyumbani kusubiri mgao: omba rufaa ya hospitali hapohapo.