Bukoba hadi Mwanza kwa ndege: ni kilomita ngapi, dakika ngapi?

Kutoka uwanja wa Bukoba (BKB) hadi Mwanza (MWZ) ni kama kilomita 175 angani, sehemu kubwa juu ya Ziwa Victoria. Ndege hutumia takriban dakika 45. Kwa barabara, kupitia Muleba na Geita, ni zaidi ya kilomita 400.

Ila kama unatokea Muleba, piga hesabu upya: unapanda kaskazini kama kilomita 70 kufuata ndege, halafu ikurudishe kusini! Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, basi halisubiri tena kivuko.

Uwanja wa Bukoba uko ziwani kabisa. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilitumbukia majini ikijaribu kutua, watu 19 wakafariki. Rubani akiahirisha kutua kwa sababu ya hali ya hewa, mvumilie tu.