Mtungi na Chupa: Leseni za Pombe Kilosa na Mikumi

Sheria za pombe katika nchi ya Kilosa zilianza kwa kugawa wanywaji kabla ya kugawa vilabu. Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels, Ujerumani, mkoloni wa nchi hii wakati huo, ikiwemo, yalipatana kuzuia pombe kali kuingizwa katika sehemu za Afrika ambako ilikuwa bado haijazoeleka, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini mwa ikweta. Kilosa imo ndani ya eneo hilo. Mapatano hayo yaliacha mwanya mmoja: kiasi maalumu cha pombe kali kingeweza kuingizwa kwa matumizi ya wakazi wasio wenyeji. Kinywaji kilekile kikawa halali kwa mtu mmoja na haramu kwa jirani yake.

Pombe ya kienyeji haikuguswa na mapatano hayo. Huko Ukaguru, kaskazini mwa Kilosa, iliitwa ujimbi, na kuipika ilikuwa kazi ya wanawake. Nafaka ililowekwa, ikaoteshwa mpaka ikawa kimea, ikaanikwa, ikatwangwa, ikapikwa, kisha ikaachwa ichachuke. Ilinywewa zaidi baada ya mavuno. Iliwalipa majirani waliokuja kusaidia kulima, na ilihitajika kwenye harusi na matambiko. Pombe ya namna hiyo haikuwa na muuzaji, kwa hiyo hapakuwa na wa kukatiwa leseni.

Reli ndiyo iliyobadili mambo. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukapita Kilosa, na ukafika Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya mkonge yakaenea kando yake, hasa upande wa Kimamba, na manamba wakaletwa kutoka mbali kuyafanyia kazi. Hawa walikuwa na mshahara mkononi, lakini mke au mama wa kuwapikia hakuwapo. Mwanamke aliyekuwa akipika kwa ajili ya ukoo akaanza kupika kwa ajili ya soko, na senti alizopata zilikuwa miongoni mwa fedha chache ambazo mwanamke wa kijijini angeweza kuzishika mwenyewe. Jambo hili linastahili kukumbukwa kila zinapotajwa ada na faini zilizofuata, kwa sababu mzigo wake mkubwa ulimwangukia mpishi huyo.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika, hati ya udhamini ya Shirikisho la Mataifa ya mwaka 1922 iliwataka, katika ibara ya 5, wadhibiti vikali uuzaji wa pombe kali. Serikali ya kikoloni ikawa na mifumo miwili. Vileo vya chupa vilikuwa na sheria yake, iliyohusu hoteli, maduka na klabu za Wazungu. Pombe ya wenyeji ilikuwa na sheria nyingine, iliyoruhusu ipikwe na kuuzwa mahali palipoidhinishwa tu, hasa mijini. Mwafrika alizuiwa kunywa pombe kali, na kwa miaka mingi hata bia ya chupa hakuipata kwa uhuru. Vizuizi hivyo vililegezwa kidogo kidogo baada ya Vita Kuu ya Pili.

Vijijini kazi hiyo iliachiwa machifu. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa uwezo wa kuzuia au kudhibiti utengenezaji na unywaji wa pombe. Njaa ilipotishia, upishi ulisimamishwa ili nafaka isiishie mtungini. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, maana debe la mtama lililopikwa pombe halilishi mtoto. Lakini ada za vilabu ziliingia pia katika hazina za machifu, na mamlaka inayoishi kwa ada ya pombe haiwezi kuwa na nia moja tu inapoidhibiti.

Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1961 makala kuhusu unywaji wa pombe na wizi wa ng'ombe huko. Alionyesha kwamba kilabu kilikuwa mahali pa nadra ambapo Wakaguru wakulima na Wabaraguyu wafugaji walikaa pamoja. Mfugaji alinunua pombe kwa mkulima, habari zikapita, na mara nyingine ugomvi ukazuka.

Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi katika kikombe, na mwaka 1963 machifu wakafutiwa mamlaka. Sheria ya mwaka 1966 ilihusu gongo, pombe kali ya kienyeji ambayo kisheria iliitwa moshi: kuitengeneza au kukutwa nayo bila kibali kukawa kosa. Mwaka 1968 ikaja Sheria ya Vileo Na. 28, iliyoweka baa, hoteli, maduka na vilabu vya pombe ya kienyeji chini ya sheria moja, kila kimoja na aina yake ya leseni na saa zake za kuuza.

Mikumi ilikua chini ya sheria hizi mpya. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia ikaufanya mji huo kituo cha madereva wa malori, penye njia panda ya Kidatu na Ifakara. Baa na nyumba za wageni zikasimama kando ya lami. Kwa desturi leseni ya kileo imekuwa ikikatwa kwa miezi sita, na jengo hukaguliwa na bwana afya.

Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, pombe kali ya vipakiti iliyouzwa kwa bei ndogo hata vituo vya mabasi. Kwa wauzaji wadogo wa kando ya barabara, bidhaa iliyokuwa halali ikawa haramu. Mpishi wa komoni, mojawapo ya pombe za kienyeji, bado anatakiwa kuwa na leseni yake ya pombe ya kienyeji, na anayekutwa na gongo bado hufikishwa mahakamani.