Jibini Isiyo Kali: Ilikotoka na Namna Ilivyofika Nyanda za Juu Kusini



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu maziwa ya jioni. Wewe unayefuga Uyole, Tukuyu, Mufindi au Njombe unajua ninachosema. Maziwa ya asubuhi hupata mnunuzi. Ya jioni hulala, na yakilala hubadilika. Masika ikifika majani yanakuwa tele, ng'ombe wanakamuliwa vizuri, na kumbe siku hiyo hiyo uliyopata maziwa mengi jirani yako naye kayapata. Nyote mnakutana Mwanjelwa na ndoo za mtindi, na mnunuzi ndiye anayetaja bei.

Basi leo tutazame dawa moja ya zamani ya tatizo hilo, nayo ni jibini. Lakini si kila jibini. Nazungumzia jibini isiyo kali: ile changa, nyeupe au ya njano hafifu, isiyo na harufu nzito, ambayo mtu aliyezoea mtindi anaweza kuila siku ya kwanza bila kukunja uso. Utaniuliza: bwana shamba, jibini si chakula cha wageni wa hotelini? Hapana. Tukifuata historia yake utaona kwamba jibini ya namna hii ilianzia kwa watu kama wewe, wenye ng'ombe wachache, maziwa mengi kwa msimu na soko lililo mbali.

Jibini za Waafrika

Tuanze karibu. Kule Ethiopia kuna jibini inayoitwa ayib. Akina mama huacha maziwa yagande, huyasukasuka mpaka siagi itoke, kisha yale yanayobaki hupashwa moto polepole. Mabonge meupe hujitenga na maji, huchujwa, na hapo jibini imekwisha kupatikana. Ladha yake ni ya upole kabisa, na ndiyo maana huliwa pamoja na mchuzi wenye pilipili nyingi, ipoze ulimi. Angalia busara iliyomo: siagi inatoka kwanza, jibini inafuata, na hakuna kinachotupwa.

Afrika ya Magharibi, wanawake wa Kifulani hutengeneza jibini nyeupe ambayo Benin huitwa wagashi. Wao hugandisha maziwa kwa utomvu wa mmea fulani wa porini. Mmea huo una sumu usipotumiwa na mtu aliyefundishwa tangu utotoni, kwa hiyo usijaribu kuuiga. Nautaja ili ujue tu kwamba Mwafrika hakungoja meli kutoka Ulaya ndipo ajue kugandisha maziwa.

Wahindi nao wana paniri. Maziwa huchemshwa, hutiwa ndimu au kitu kingine kichachu, na mabonge hukandamizwa ndani ya kitambaa. Jibini hiyo haiyeyuki kwenye moto. Unaweza kuikata vipande na kuikaanga na kitunguu na nyanya kama nyama.

Ng'ombe wa madoa na jibini ya mji wa soko

Sasa tuvuke bahari. Unamfahamu ng'ombe aina ya Friziani, yule mweusi na mweupe. Asili yake ni Uholanzi, katika majimbo ya kaskazini ya nchi hiyo. Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyoleta jibini ya Gouda, ambayo imetajwa katika maandishi tangu mwaka 1184.

Sikiliza jambo moja la kuvutia. Gouda ni mji. Lakini jibini ile haikupewa jina la mji kwa sababu ilitengenezwa pale. Ilitengenezwa mashambani, na wakulima wakaipeleka mjini Gouda kuiuza. Jengo la mizani lilijengwa pale, jibini ikawa inapimwa hadharani kabla ya kuuzwa. Soko ndilo lililoipa jina. Ni kama mchele unaolimwa Kyela na Usangu, ukifika Dar es Salaam watu wanauita mchele wa Mbeya.

Kwa nini Gouda changa si kali? Jibu ni la kitaalamu lakini ni rahisi. Ndani ya maziwa mna sukari. Vijidudu vya kugandisha hula sukari hiyo na kutoa uchachu. Waholanzi, baada ya kukata maziwa yaliyoganda vipande vidogo, hupunguza yale maji yaliyojitenga na kutia maji ya moto mahali pake. Sukari inapungua, vijidudu vinakosa chakula cha kutosha, na uchachu haupandi sana. Kwa hiyo upole wa ladha ile haukuja kwa bahati. Mkulima aliuosha uchachu kwa maji. Jibini hiyo ikihifadhiwa vizuri, baada ya wiki nne hivi huwa tayari kuliwa ikiwa bado changa. Ikiachwa miezi mingi ndipo inakuwa kali.

Italia wao walifuata njia nyingine. Jibini yao ya mozarela ilikwisha tajwa katika kitabu cha upishi cha Bartolomeo Scappi cha mwaka 1570. Maziwa yakishaganda na kuchachuka kwa kiasi, mabonge hutiwa katika maji ya moto sana, yakavutwa na kukunjwa mpaka yawe laini. Hii huliwa ingali mbichi. Na yale maji yanayobaki baada ya jibini kutolewa hupashwa moto tena, yakatoa jibini ya pili iitwayo rikota, laini na yenye utamu wa mbali.

Huko milimani, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, hadithi ilikuwa tofauti. Wanavijiji walitaka jibini kubwa, ngumu, ya kupita majira ya baridi. Gurudumu moja la jibini ya namna hiyo linahitaji maziwa lita mia kadhaa, na hakuna familia iliyokuwa nayo. Tangu miaka ya 1200 wakaanza kuyachanga. Kila nyumba ilileta ya kwake, yakapimwa, na faida ikagawanywa kwa kadiri ya maziwa. Ushirika wao ulitokana na hesabu hiyo ya lita.

Jinsi ilivyotufikia

Katika Afrika ya Mashariki, jibini ya Kizungu iliingia na walowezi. Nchini Kenya walianzisha chama chao cha maziwa, KCC, mwaka 1925. Mwafrika alikuwa mkamuaji, si mwenye kiwanda. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliopanua nafasi ya Waafrika wa Kenya kufuga ng'ombe wa kisasa na kuuza maziwa yao. Ndiyo sababu mpaka leo watu wengi wanadhani jibini ni ya mabwana. Dhana hiyo ilitokana na nani aliyeruhusiwa kuuza, wala haikutokana na ladha.

Kwetu Tanzania, katika miaka ya 1970 Serikali iliunda shirika la Tanzania Dairies Limited, na Mbeya ikawa miongoni mwa miji iliyopata kiwanda cha maziwa. Nia ilikuwa njema. Lakini viwanda vile vilitegemea sana unga wa maziwa na mafuta ya siagi vya msaada, vilivyochanganywa na maji. Maziwa ya mfugaji wa kawaida yalikuwa sehemu ndogo tu. Msaada ulipopungua na mitambo ilipochakaa, shirika lilidhoofika, na katika miaka ya 1990 viwanda vikaingia katika ubinafsishaji.

Wakati huo huo kazi nyingine ilikuwa ikifanyika bila kelele. Nchi za Nordic zilisaidia kujenga kituo cha kilimo cha Uyole. Mashamba ya Kitulo na Sao Hill yalizalisha mitamba. Mradi wa maendeleo ya maziwa wa Nyanda za Juu Kusini, uliosaidiwa na Uswisi, uliwafikia wafugaji wadogo wa Mbeya na Iringa na kuwafundisha kupanda majani, kujenga banda na kukamua kwa usafi. Hapo ndipo ng'ombe wa maziwa alipoingia katika boma la mkulima mdogo.

Halafu ikaja Njombe, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa na ikawa mkoa mwaka 2012. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafugaji wa huko, chini ya chama chao cha NJOLIFA, walishirikiana na shirika la CEFA kutoka Italia, na kampuni ya maziwa ya Granarolo ikasaidia. Kikajengwa kiwanda kilichokusanya maziwa ya vijijini, kikasindika maziwa, mtindi na jibini za Kiitaliano zisizo kali. Watoto wa shule nao wakapewa maziwa.

Weka mambo mawili hayo pamoja. Mbeya ilipewa mitambo kabla ya kutegemea maziwa ya mfugaji. Njombe ilianza na mfugaji, kisha ikatafuta ufundi. Huo ndio msingi wa somo letu.

Uanze na ipi?

Ukitaka kujaribu, usianze na jibini ya kukaa ghalani miezi sita. Pesa yako italala, na mnunuzi wa Mwanjelwa hajaizoea. Anza na ile inayofanana na ulimi wake.

Ya kwanza ni jibini ya ndimu. Chukua lita 10 za maziwa safi. Yachemshe huku unakoroga yasishike chini, kisha epua. Tia maji ya ndimu yaliyochujwa, kidogo kidogo, mpaka uone mabonge yamejitenga na maji ya kijani hafifu. Mimina kwenye kitambaa cheupe kilichochemshwa, tia chumvi kidogo, funga, weka kitu kizito safi juu yake kwa saa mbili. Utapata kilo moja na nusu hivi. Sufuria, mwiko, kitambaa, basi.

Ya pili ni za Kiitaliano na Gouda changa. Hizi zinahitaji renneti, dawa ya kugandisha ambayo asili yake ni tumbo la nne la ndama anayenyonya. Tangu mwaka 1874 Christian Hansen alipoanza kuitengeneza kiwandani huko Denmark, watu hawahitaji tena kuhangaika na tumbo la ndama. Zinahitaji pia kipimajoto na mkono uliofundishwa. Kwa Gouda, lita 10 hutoa kilo moja tu hivi. Hizi zifanyeni kwa kikundi, kwa sababu ile ile ya wale wanavijiji wa milimani: maziwa ya nyumba moja hayatoshi.

Maji yanayobaki usimwage. Yale ya jibini ya renneti hutoa rikota. Hata baada ya hapo yaliyobaki mpe nguruwe, ila usiyatie chumvi.

Jambo la kushika sana

Ndugu mfugaji, hapa sikiliza kwa makini. Jibini kali iliyokaa muda mrefu ina chumvi na ukavu vinavyoisaidia kujilinda. Jibini isiyo kali haina ulinzi huo. Ina maji mengi, uchachu mdogo na chumvi kidogo. Vijidudu vinaipenda kama wewe unavyoipenda. Kwa maziwa mabichi unaweza kumpa mteja kifua kikuu au ugonjwa wa kutupa mimba unaotoka kwa ng'ombe na kumpa mtu homa isiyokwisha. Kwa hiyo maziwa ya jibini yachemshwe, au yapashwe nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30 na kupozwa upesi. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele usiyatumie. Ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa nayo usiyatumie mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite, maana dawa hiyo huua hata vijidudu vyema vya kugandisha. Jibini mbichi iwekwe mahali pa baridi na iuzwe ndani ya siku chache. Na kabla ya kufanya biashara, mwone afisa mifugo wako akueleze utaratibu wa Bodi ya Maziwa.

Ukifika sokoni, kata vipande vidogo, mwonjeshe mtu bure. Mwambie mama lishe akaange kidogo na nyanya. Mtu hanunui asichokijua, lakini akishaonja na kupenda atakuuliza utarudi lini.

Gouda ilipata jina kwa sababu wakulima walirudi katika soko lile lile, na mali ya kiwango kile kile, mwaka hadi mwaka. Maziwa tunayo, baridi tunayo, na soko lipo Mwanjelwa. Kilichobaki ni usafi na mkono usiobadilika.

Shime, wafugaji. Kazi njema.