Silikanti wa Malindi Anatuhusu Hata Sisi wa Kitengela

Niko Entarara, mbali kabisa na bahari. Samaki ninaowajua ni omena na tilapia wa kukaanga. Lakini hii story inatuhusu, wasee, so tulieni.

Aprili 2001, meli ya uvuvi ilinasa samaki mkubwa karibu na Malindi. Hakuwa kwenye orodha yoyote ya samaki wa Kenya. Alikuwa silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliwahi kuamini kizazi chake kiliisha pamoja na dinosaria, miaka kama milioni 66 iliyopita.

Mambo yalibadilika Desemba 1938, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London alimwona mmoja kwenye rundo la samaki wa meli, akakataa atupwe. Ndiyo maana jina lake la kisayansi ni Latimeria.

Profesa J.L.B. Smith alitafuta wa pili kwa miaka 14, akiahidi zawadi ya pauni 100. Akapatikana Comoro mwaka 1952, amevuliwa na Ahamadi Abdallah. Na hapa ndipo mimi nabishana na vitabu: wavuvi wa Comoro walikuwa na jina lake kitambo, gombessa. Sasa nani alimgundua nani?

Yule wa Malindi aliandikwa na Luc De Vos na Dalmas Oyugi, ripoti ikatoka 2002. Ramani ya silikanti ikapanda kaskazini hadi Kenya. Pengine walikuwa huku siku zote, ni vile tu hakuna aliyeandika.

Mtasema, kuandika kunasaidia nini? Angalieni Tanzania. Kuanzia 2003 silikanti walianza kurekodiwa Kilwa, kisha Tanga, wengi wakinaswa na jarife za kuvulia papa. Kwa sababu kila mmoja alihesabiwa, mwaka 2009 Tanga ikapata hifadhi yake ya silikanti. Kitu kisichoandikwa, nani atakitetea?

Huku kwetu wazee husimulia nyumbu wakipita makundi kwa makundi. Leo ni ploti na nyaya za ua. Kama hatuna picha wala tarehe, mtoto wa kesho atatuambia tunamdanganya.

Kwa hivyo ukiona mnyama usiyemtarajia, piga picha, andika siku na mahali. Na tafadhali, andika pia jina la mzee aliyekuonyesha. Majina ya wavuvi wa Malindi sijayaona popote.